Bolti na skrubu: jua ipi unayohitaji kabla hujatoboa tundu

Kwenye duka la vifaa vya ujenzi bolti na skrubu hukaa makopo jirani, na ukizitazama kwa haraka ni vyuma vya namna moja: kichwa upande huu, meno upande ule. Pwani wengi huziita zote parafujo na biashara inaendelea. Shida huanza baadaye, tundu likishatobolewa. Tundu la bolti si tundu la skrubu, na ukishalipanua hulipunguzi tena.

Tofauti haiko kwenye unene wala kwenye umbo la kichwa. Iko kwenye kitu ambacho meno yanakishika. Bolti hupita kwenye tundu pana lisilo na meno, hutokeza upande wa pili, na huko nati ndiyo inayobana. Skrubu haina nati: meno yake hushika kile kitu chenyewe, ama kwenye tundu lililokwisha kukatwa meno, ama kwenye tundu dogo ambalo skrubu inajikatia njia yake. Ndiyo maana kwenye bolti unashikilia kichwa na kuzungusha nati, na kwenye skrubu unazungusha kichwa.

Namna ya kuzitambua

Ishike mkononi na utazame ncha. Ikiwa imechongoka, au meno yake yameachana sana kiasi kwamba hakuna nati ya kawaida itakayoingia, hiyo ni skrubu bila mjadala: skrubu ya mbao, skrubu ya bati, skrubu ya jipsamu.

Kisha tazama kichwa. Kikiwa cha duara na laini, hakina mfereji, nyota wala pembe za kushikia spana, huwezi kuikaza kwa kichwa. Ni bolti, lazima iwe na nati. Mfano unaojulikana ni kochi bolti ya vitanda na meza za karakana, ile yenye kichwa kama uyoga na shingo ya pembe nne chini yake.

Zinabaki zile zenye kichwa cha pembe sita na meno yanayokubali nati ya kawaida, ambazo kwa macho tu huwezi kuzihukumu. Hapo uliza inakwenda wapi. M8 (yaani yenye kipenyo cha meno cha mm 8) yenye urefu wa mm 30 ikifunga bawaba ya geti na nati nyuma yake, ni bolti. Ileile ikifunga kifuniko kwenye bloku ya injini yenye meno ndani, imefanya kazi ya skrubu. Kiwango cha Marekani cha ASME B18.2.1 kinatenganisha kwa msingi huu: kinachohitaji nati ili kifanye kazi ni bolti, kinachokazwa kwa kichwa ndani ya tundu lenye meno ni skrubu.

Ulaya na viwango vya kimataifa vina mazoea mengine, na hapa ndipo michoro ya mashine huwachanganya watu. ISO 4014 ni bolti ya pembe sita yenye sehemu laini chini ya kichwa, na ISO 4017 ni ya meno mpaka kichwani, nayo huitwa skrubu hata ukiifunga kwa nati. Kwenye maboksi mengi utakuta bado namba za zamani za Kijerumani: DIN 931 ni ile yenye sehemu laini, DIN 933 ni ya meno mwili mzima. Unapoagiza, usiandike jina peke yake. Andika namba ya kiwango, au sema wazi "nusu meno" au "meno mwili mzima".

Makanika wetu huita karibu kila kitu nati au bolti. Bolti za silinda hedi zinaingia kwenye meno ya bloku, kwa hiyo kikazi ni skrubu, na "nati ya oil", ile ya kumwagia oil chini ya sampu (bakuli la oil chini ya injini), si nati kabisa. Hakuna haja ya kubishana na jina lililozoeleka gereji. Cha lazima ni kukumbuka kwamba meno yanayobeba mzigo yako kwenye bloku au sampu, na yakiisha hutabadilisha nati ya bei ndogo, utatengeneza bloku. Kwenye magurudumu ni vivyo hivyo: Toyota na Nissan hutumia stadi (vijiti vyenye meno vilivyokazwa kwenye habu, kile kitovu ambacho gurudumu hufungwa) na nati, lakini Volkswagen nyingi zina bolti zinazoingia moja kwa moja kwenye habu. Stadi iliyoisha meno hugongwa ikatoka, ikaingizwa nyingine. Habu iliyoisha meno ni kazi ya fundi mwenye mashine.

Kusoma vipimo

M8 × 1.25 × 50 maana yake kipenyo cha nje cha meno ni mm 8, umbali kutoka jino hadi jino ni mm 1.25, na urefu ni mm 50. Umbali wa kawaida wa meno ni 1.0 kwa M6, 1.25 kwa M8, 1.5 kwa M10, 1.75 kwa M12 na 2.0 kwa M16. Usipoandikwa umbali, inahesabiwa kuwa ni huo wa kawaida.

Urefu hupimwa kuanzia chini ya kichwa. Skrubu au bolti ya kichwa cha kuzama ndiyo pekee inayopimwa yote, kichwa kikiwamo, kwa sababu kichwa chake kinaingia ndani ya kitu. Kosa hili la kupima huwakuta sana wanaofunga bawaba.

Namba ya spana si kipenyo cha bolti. Bolti nyingi za dukani za M8 hufunguliwa na spana 13, M10 spana 17, M12 spana 19, M16 spana 24. Zilizotengenezwa kwa ISO mpya ni 16 kwa M10 na 18 kwa M12. Magari ya Kijapani yana vichwa vidogo zaidi: M8 ni spana 12, M10 ni 14, M12 mara nyingi ni 17. Kwa hiyo fundi akikutuma "bolti ya kumi na nne" ya Toyota, anataka M10 yenye kichwa cha 14. Na angalia meno: kwenye magari hayo M10 mara nyingi ni 1.25, siyo 1.5. Nenda na ile ya zamani mkononi.

Inchi bado zimejaa sokoni. Nati ya 5/16 inafanana mno na ya M8, maana 5/16 ni mm 7.94. Huingia mizunguko miwili hivi kisha hugoma, na wengi huchukua spana na kulazimisha. Jino la 5/16 la kawaida ni 18 kwa inchi, yaani mm 1.41, haliwezi kulingana na 1.25. Nati ya nusu inchi nayo huivaa bolti ya M12 kwa ulegevu, ikishika kwa meno machache tu. Kanuni moja inatosha: nati nzima iingie kwa vidole mpaka mwisho. Isipoingia kwa vidole, ama zimetofautiana, ama ina uchafu, ama imeingia pogo.

Kuikwepa pogo kuna njia rahisi. Weka nati au skrubu mahali pake, izungushe kwanza kinyume, taratibu, mpaka uisikie inadondoka kidogo. Hapo ndipo meno yamekutana. Anza kukaza kutoka hapo.

Kufunga kwa bolti

Tundu la bolti lazima liwe kubwa kidogo kuliko bolti. Kwenye chuma toboa 6.6 kwa M6, 9 kwa M8, 11 kwa M10, 13.5 kwa M12. Kwenye mbao linganisha na bolti yenyewe au ongeza mm 1, si zaidi, la sivyo kiungo kitacheza. Mbao zifungwe kwa klempu na zitobolewe pamoja kwa mkupuo mmoja, ukiweka kipande cha mbao taka chini ili uso wa nyuma usipasuke.

Hesabu ya urefu ndiyo inayokosewa zaidi. Chukua mbao mbili za mm 50 zinazofungwa kwa M10. Mbao ni 100. Washa mbili (zile pete bapa za chuma), moja chini ya kichwa na moja chini ya nati, jumla kama 5. Nati ya M10 ina unene wa mm 8 hivi. Acha meno mawili au matatu yatokeze nje ya nati, sema mm 4. Jumla ni 117, kwa hiyo nunua 120.

Mtu akiona 120 imekwisha akachukua 150 akidhani ndefu ni salama, mambo huharibika kimyakimya. Bolti ya nusu meno ya M10 yenye urefu wa 150 ina meno mm 32 tu mwishoni. Sehemu laini ni 118, na wewe una mm 105 tu za kubana, yaani mbao na washa. Nati itafika mwisho wa meno, itagoma, spana itakwambia imekaza, lakini mbao bado zimelegea kwa zaidi ya sentimita moja. Bolti ya 120 ina meno 26, sehemu laini ni 94, na nati inabana vizuri. Ukilazimika kutumia ndefu, ongeza washa au nunua ya meno mwili mzima uikate.

Ya meno mwili mzima ina udhaifu wake. Pale vipande viwili vinapokutana ndipo vinapotaka kuteleza na kuikata bolti, na mwili laini ni mnene kuliko mahali palipochimbwa meno. Kwenye kenchi za paa, kitanda, trela na stendi ya tangi la maji, hakikisha sehemu laini inavuka mpaka huo. Katika mfano wa juu mpaka uko mm 50 kutoka kwenye uso wa mbao na sehemu laini inafika mbali zaidi ya hapo, kwa hiyo uko salama.

Shikilia kichwa, kaza nati. Kwenye mbao tumia washa bapa pana pande zote mbili. Kwenye kochi bolti washa ni upande wa nati tu, kwa kuwa ile shingo ya pembe nne inatakiwa izame ndani ya mbao na kuizuia bolti isizunguke. Igonge kwa nyundo mpaka shingo izame kabla hujaweka nati. Tundu likiwa pana kupita kiasi shingo haishiki, bolti inazunguka na nati, na hakuna pa kuishikia kichwani.

Mbao mbichi husinyaa. Rudi baada ya wiki kadhaa ukaze tena. Mahali penye mtikisiko, kama mashine ya kusaga au jenereta, weka nati yenye pete ya nailoni, na ibadilishe ikianza kuingia kwa vidole bila upinzani. Springi washa juu ya mbao haisaidii chochote, inachimba tu.

Kufunga kwa skrubu

Kwenye mbao kuna matundu mawili, siyo moja. Kipande cha juu kinatobolewa kwa kipenyo kamili cha skrubu, ili meno yapite bila kushika. Kipande cha chini kinatobolewa tundu dogo la kuongozea. Kwa skrubu ya mm 4, tundu la kuongozea ni 2.5 kwenye paini na 3 kwenye mninga au mkongo. Kwa skrubu ya mm 5 ni 3 kwenye laini na 3.5 kwenye ngumu. Meno yakishika vipande vyote viwili, uwazi uliokuwa kati yao unabaki palepale hata ukikaza mpaka kichwa kivunjike, kwa sababu vyote vinasogea kwa mwendo mmoja. Hii ndiyo sababu ya viungo vingi vinavyoonyesha mwanga katikati.

Urefu: theluthi moja ipite kwenye kipande cha juu na theluthi mbili zishike cha chini. Ubao wa mm 20 unataka skrubu ya 60, au 50 kama cha chini ni mbao ngumu. Paka meno sabuni ya mche au nta, hasa kwenye mbao ngumu, lakini usipake kwenye chuma kitakacholowa, sabuni huleta kutu.

Kochi skrubu ina kichwa cha pembe sita na ncha iliyochongoka, nayo huagizwa kimakosa badala ya kochi bolti kila siku. Itumie pale usipoweza kufika upande wa pili, kama kufunga nguzo ya varanda kwenye boriti iliyokaa ukutani. Ya mm 8 inataka tundu la 5 hadi 6 sehemu ya meno na tundu la 8 sehemu ya shingo laini. Ikaze kwa spana na washa, usiipige nyundo. Kuipiga nyundo kunararua nyuzinyuzi za mbao ambazo ndizo nati yake.

Skrubu nyeusi za jipsamu zimetengenezwa kwa ajili ya bodi nyepesi. Chuma chake ni kigumu lakini hukatika upesi. Ukifunga bawaba za mlango wa mninga kwa hizo, kichwa hukatika ama siku ileile ama mlango ukishaanza kufungwa kwa nguvu. Tumia skrubu za mbao zilizopakwa zinki, na kwa mlango mzito za mm 5.

Kwenye chuma, kata meno kwa tepu, kile kifaa cha kukatia meno ndani ya tundu. Tundu kabla ya tepu ni 4.2 kwa M5, 5 kwa M6, 6.8 kwa M8, 8.5 kwa M10, 10.2 kwa M12. Tumia mafuta, zungusha nusu mzunguko mbele na robo nyuma ili vumbi la chuma likatike. Meno yanayoshikana yawe na urefu usiopungua kipenyo cha skrubu kwenye chuma cha kawaida, na mara moja na nusu hadi mbili kwenye aluminiamu. Bamba la mm 3 halitoshi kwa M8: ama chomelea nati nyuma, ama itoboe ipite na uifanye bolti.

Skrubu za bati zenye ncha ya drili hujitobolea zenyewe. Simamisha wima, kwenye mgongo wa bati siyo bondeni, na uache kukaza mara tu washa ya mpira inapobonyea na kutokeza kidogo pembeni. Ukizidisha, mpira hupasuka na maji hupita. Mashine ya kuzungushia iwe na mwendo wa wastani. Ikikimbia mno ncha huungua kabla ya kupenya chuma.

Nguvu na kutu

Kwenye kichwa cha bolti ya chuma soma namba. 8.8 maana yake chuma kinahimili newtoni 800 kwa kila milimita ya mraba kabla ya kukatika, na huanza kurefuka bila kurudi kikifika asilimia 80 ya hapo. M8 ya 8.8 hukatika kwa mvuto wa kilonewtoni 29 hivi, ya 4.6 ni nusu yake. Isiyo na alama ichukulie kuwa ya 4.6 au chini. Bolti za inchi zina mistari badala ya namba: mitatu ni daraja la 5, sita ni daraja la 8. Nati nayo ilingane, ya 8 kwa bolti ya 8.8.

Kwa 8.8 kavu na safi, nguvu ya kukaza ni takriban Nm (newtoni-mita) 10 kwa M6, 25 kwa M8, 50 kwa M10 na 85 kwa M12. Hizo ni za chuma ndani ya chuma. Ikiwa meno yako kwenye aluminiamu, fuata kitabu cha mashine, na usitumie bomba kurefusha spana. Sampu nyingi za aluminiamu zimeharibiwa hivyo, wakati kilichovujisha oil kilikuwa washa kuukuu tu.

Tanga, Unguja, Lamu na popote upepo wa bahari unapofika, zinki ile nyembamba inayong'aa haidumu. Chagua zilizochovywa kwenye zinki ya moto, zenye rangi ya kijivu isiyong'aa, na ununue nati zake za aina hiyohiyo, kwani zimekatwa pana kidogo kutoa nafasi ya zinki. Nati ya kawaida haitaivaa bolti hiyo. Ukitaka chuma kisichoshika kutu, tazama daraja lake: A4 ndiyo ya baharini. A2 itaonyesha madoa. Bolti na nati za aina hii zipakwe grisi na zikazwe taratibu, maana zikipata moto zinang'ang'aniana na hazitoki tena bila kukatwa.

Meno yakiisha

Bolti na nati ni rahisi: tupa zote mbili, weka mpya. Ukibadilisha nati peke yake juu ya meno ya bolti yaliyokwisha, nayo itaisha.

Skrubu ndiyo inayotaka uamuzi. Kwenye mbao, panua tundu liwe mm 8 au 10, gonga kijiti cha mbao ngumu chenye gundi, acha kikauke usiku kucha, kisha toboa upya tundu la kuongozea. Vijiti vya kiberiti vinasaidia kwa kitasa cha kabati, si kwa bawaba ya mlango. Kwenye chuma au aluminiamu, fundi anaweza kuweka koili ya meno mapya ya ukubwa uleule, na kazi hiyo ikifanywa vizuri hushika kuliko aluminiamu ya mwanzo. Njia nyingine ni kupanda saizi moja: M8 iliyoisha inatobolewa 8.5 na kukatwa meno ya M10, ukiwa umepima kwanza kwamba ukuta unaobaki pembeni hautapasuka. Na kama mkono wako unafika upande wa nyuma, toboa moja kwa moja, pitisha bolti, weka washa na nati.